Nyumba ya Bowen

Ukifika soko la Kalamba ukaulizia fundi wa gata, utaonyeshwa kibanda cha mabati nyuma ya duka la mbegu, na huyo anayekuonyesha atakuambia, hata kama hukumuuliza, kwamba fundi ni mjukuu wa mzungu. Halafu utamkuta mzee mweusi, mfupi, mwenye kipara na miaka sitini na minne, anakunja bati la kutega maji ya mvua kwa nyundo ya mti. Jina lake ni Mutie Bowen. Nyanya yake hakuwahi kulala na mzungu, wala hata kumpa mkono. Siku alipoolewa, mzungu mwenyewe alikuwa na miaka mitatu kaburini.

Watu wa siku hizi wakiambiwa hivyo hucheka. Mkamba wa zamani hangecheka. Angeuliza tu ni mbuzi wangapi wa mahari walitolewa.

Bowen alikuja Ukambani katika miaka ya thelathini, peke yake, akitafuta mawe ya thamani vilimani. Kwao Wales alikuwa mchimba makaa ya mawe, na aliamini kila kilima kina kitu tumboni. Kijana mmoja wa Kalamba, Mulei, akawa mchimbaji wake, mpishi wake, na mtu wake wa kuongea naye jioni. Walitembea pamoja miaka minne, wakatoboa vilima kumi na saba, na walichopata kingejaa mfuko wa shati. Kila Mulei alipomuuliza habari za nyumbani, jibu lilikuwa lilelile: hana mke, hana mtoto, hana mtu. Mwaka wa 1938 homa ilimshika, na siku ya tano akafa. Mulei alimzika kilimani kwa sururu ileile waliyokuwa wakichimbia. Hakuna aliyekuja kumuulizia.

Kisha marehemu akaanza kurudi. Alimjia Mulei ndotoni, kofia mkononi, viatu vimejaa vumbi jekundu, akiuliza kwa Kikamba chake cha kuvunjikavunjika, "Mwanangu yuko wapi?" Kila usiku swali ni hilo. Mulei akakonda hadi mkewe akaogopa. Wazee walipoketi juu ya jambo hilo hawakuchukua muda. Mtu aliyekufa bila mtoto, atataka nini kingine? Anataka mtoto. Na njia ilikuwepo. Kijana akifa kabla ya kuoa, wazazi wake humwolea mke, mwanamume mwingine wa ukoo humzalia, na watoto wanakuwa wa marehemu. Wanabeba jina lake ili asipotee. Hakuna aliyewahi kumfanyia mzungu hivyo, lakini mzungu huyu hakuwa na ukoo. Alikuwa na Mulei tu.

Basi Mulei akatoa mbuzi, akamwoa msichana aitwaye Kavindu kwa niaba ya maiti. Kavindu akajengewa ng'ambo ya korongo, mbali kidogo na mke wa kwanza, na boma lake likaitwa nyumba ya Bowen. Mulei ndiye aliyewazaa watoto wa nyumba ile. Ndiye aliyewalimia, akawapeleka shule, akawachapa walipostahili na wasipostahili. Lakini karani alipokuja kuandikisha watu, wote waliandikwa Bowen, na Mulei alisimama kando akitikisa kichwa kukubali. Hakuna mtoto hata mmoja wa Kavindu aliyebeba jina la mwanamume aliyemlisha. Ukilifikiria sana jambo hilo, moyo unauma.

Mutie ni mjukuu wa Kavindu. Alikua na jina hilo likimchekesha kila karani na kila polisi wa barabarani. "Bowen? Kumbe wewe ni Mkalenjin?" Kwa maana kule Bonde la Ufa majina ya namna hiyo yapo, nayo yana asili yao nyingine kabisa. Akisema yeye ni Mkamba wa Makueni, wanacheka zaidi, na wengine wanamuuliza mamake alikuwa wapi. Hayo aliyazoea. Ambaye hakuweza kumzoea ni mwenye jina.

Mulei alipokuwa hai alisema ndoto zilikoma siku mtoto wa kwanza wa Kavindu alipozaliwa. Huenda. Huenda pia mzee alichoka kuulizwa akasema zimekoma. Kwa Mutie, Bowen hakuja usiku wala ndotoni. Alikuja saa saba mchana, jua likiwa kali na soko limenyamaza. Mutie akiweka nyundo chini anywe maji, anamwona ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia mkononi, vumbi jekundu hadi magotini. "Mwanangu yuko wapi?"

"Niko hapa," Mutie humjibu. "Sisi wote ni wako. Tuliandikwa."

Mzungu hutikisa kichwa kukataa, polepole, kama mtu aliyeletewa chai ya meza nyingine hotelini. Kisha ndoo inabaki ndoo.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa 1992. Mutie aliukumbuka vizuri mwaka huo, kwa sababu ilikuwa miezi miwili baada ya yeye kutoroka Mwingi.

Ndiyo, alitoroka. Hakuna neno zuri la kulifunika. Alikwenda Mwingi akiwa kijana, kazi za mabati zikiwa nyingi, akaweka gata kwenye nyumba ya mzee Hassan, Mswahili mwenye duka karibu na msikiti. Mzee Hassan alikuwa na binti, Mishi, mcheshi, mwenye ulimi mwepesi. Mutie alisilimu, akamwoa, wakapata mtoto wa kiume, Abdulmalik. Wakaishi vizuri. Mtoto alipofika miaka minne, Mutie aliitwa nyumbani kumzika mamake, na huko watu wa kanisa na wa ukoo wakamkalia kikao: mke gani huyo, dini gani hiyo, mtoto gani huyo asiyejua hata Kikamba. Mutie angeweza kusimama akasema. Alinyamaza. Alirudi Mwingi siku tatu tu, akakusanya vifaa vyake, akaondoka mchana mtoto akimwona.

Kalamba alimwoa Syokau, mwanamke mpole wa kwaya. Hawakupata mtoto. Syokau alifunga na kuomba, akanywa dawa za hospitali na za miti, na kwa miaka ishirini na sita mumewe alimwambia kwamba labda ni mambo ya ile nyumba ya Bowen, kwamba labda marehemu amekasirika. Hakumwambia kwamba yeye mtoto anaye. Syokau alikufa bila kujua. Hilo ndilo lililomla Mutie usiku na mchana.

Baada ya mazishi ya mkewe, mzungu alianza kuja kila siku. Mutie akajipiga vidole kwa nyundo, akaanguka ngazini mara mbili. Mchungaji alimwombea, akaamuru pepo wa jina atoke, akamshauri abadilishe jina kwa wakili. Mutie aliitikia amina, na kesho yake saa saba ndoo ilikuwa na mtu. Kufa hakukumtisha sana. Alichoogopa ni kufa akiwa hivi alivyo, kisha na yeye akageuka mtu wa kukaa kwenye ndoo za watu, akiulizia mtoto ambaye hakuna anayemjua.

Aliyesogeza mambo alikuwa Nzisa, binti wa kakake, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Nzisa alikuwa amechoka kuitwa Mkalenjin. Akaamua kutafuta jina limetoka wapi, akaandikia makanisa na watu wa historia huko Wales, akieleza habari za mchimba madini aliyezikwa Kalamba. Miezi mitano hakujibiwa. Halafu Jumamosi moja akaingia kibandani akihema, karatasi mkononi.

"Anko, weka nyundo chini. Wamejibu."

"Nani?"

"Watu wa Bowen. Wale wenyewe."

Aliyeandika alikuwa mwanamke aitwaye Carys Bowen. Alianza na jina, kwa sababu Nzisa ndilo alilouliza, na Nzisa alisoma akitafsiri, kidole kwenye mstari. Zamani, alisema Carys, watu wa Wales hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la babake: Hywel mwana wa Owen, kisha mwanawe Rhys mwana wa Hywel, na jina likabadilika kila kizazi. Wakaja makarani wa Kiingereza na vitabu vyao vya mahakama, wakataka kila nyumba iwe na jina moja lisilosogea. Basi nyumba nyingine zikakamatwa zilipokuwa. Iliyokutwa na mwana wa Owen, kwa lugha yao *ab Owen*, ikabaki hapo, maneno mawili yakashikana yakawa Bowen, na tangu siku hiyo, miaka karibu mia tano, kila mtu wa nyumba hiyo, mwanamume na mwanamke, mjukuu na kilembwe, anaitwa mwana wa Owen.

"Huyo Owen ni nani?" Mutie aliuliza.

"Anasema hakuna anayejua. Alikufa zamani sana, kukabaki kuitwa tu." Nzisa alicheka. "Kumbe walikuwa kama sisi, Anko. Mutie wa nani, Nzisa wa nani. Mpaka karani akakuja."

Mutie hakucheka. "Endelea."

Nzisa alisoma mbele kimya, na uso wake ukabadilika. "Anko," alisema, "huyu mama anasema huyo mzungu wetu ni baba wa babu yake."

"Haiwezekani. Hakuwa na mtoto."

"Alikuwa naye. Mke, na kijana wa miaka mitano. Gwilym. Migodi ilifungwa, kazi ikaisha, akawaambia anakuja Kenya kutafuta, atawaitisha. Aliandika barua mbili, akanyamaza. Mama ya Gwilym akasema amekufa, lakini kijana alikataa. Kila Jumamosi alikuwa anaenda stesheni kungoja gari la moshi. Hata akiwa mzee, anasema, akisikia mtu anatembea nyuma yake lazima angegeuka. Alikufa akiwa na miaka themanini na moja. Ametuma picha."

Alimpa simu. Mwanamume ameketi kwenye kiti, kofia imelala juu ya goti moja, na juu ya goti la pili mtoto mwenye nywele zilizolowanishwa maji zikachanwa. Nyumba ya Bowen haikuwahi kuwa na picha ya Bowen, hata moja. Mutie alimtambua papo hapo. Pua ile, na namna ile ya kushika ukingo wa kofia kwa vidole viwili.

"Anko, mbona umeketi chini?"

"Ni njaa," alisema Mutie.

Nzisa alipoenda, Mutie alikaa peke yake na maneno yale. Miaka themanini na kitu walikuwa wamempa mzungu asichokiomba. Mulei alikuwa amesikia swali vizuri kabisa. Mtu aliuliza mwanawe yuko wapi, na wazee, kwa wema wao wote, wakamwolea mke na kumzalia mwingine, kwa kuwa katika fikira zao hakuna mwanamume ambaye angekana mtoto wake kwa mdomo wake mwenyewe. Na Mutie, mtu pekee Kalamba nzima ambaye angepaswa kulielewa swali lile, alikuwa amelijibu miaka thelathini na mbili kwa kusema "niko hapa". Alijiinamia akalia, mzee mzima, bati mkononi.

Jumatatu alifunga kibanda, akapitia Machakos na Kitui, na siku ya pili asubuhi akawa Mwingi. Mji ulikuwa umekua hata hakuujua, lakini msikiti ulikuwa pale, na nyumba ya mzee Hassan ilikuwa pale, mbele yake sasa pakiwa na duka la vipuri vya malori. Mutie alisimama barabarani akaangalia juu. Gata ilikuwa ileile. Ilikuwa na viraka, mahali pengine imefungwa kwa waya, lakini mwisho wake ulikuwa na mkunjo wa mara mbili na vijisumari vitatu vya ribiti, na mkunjo huo Ukambani yote ni mtu mmoja anayeukunja.

"Mzee, karibu. Unatafuta nini?" Mwenye duka alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na sita, kofia ya kufuma kichwani, mikono ina grisi. Macho yalikuwa ya Mishi.

"Naangalia hiyo gata. Ni nani aliweka?"

"Hiyo ni ya zamani. Wanasema ni babangu."

Mutie angeweza kusema kazi ni safi, akashika njia. Miguu yake ilikuwa tayari inataka hivyo. "Ni mimi," alisema.

Abdulmalik alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akachukua muda wake. "Mama alisema utakuja," alisema mwishowe. "Alisema utakuja meno ikiisha."

"Mishi yuko?"

"Mama tulimzika mwaka wa korona."

Lori likapita, vumbi likatua juu yao wote wawili. Kisha Abdulmalik akasema, bila kupandisha sauti, "Uliniambia unaenda kununua ribiti. Nilikuwa na miaka minne lakini nakumbuka. Ukasema nichunge nyundo. Kila lori ikisimama hapa nilikuwa natoka mbio, na nyundo mkononi. Hadi darasa la saba, wewe mzee. Darasa la saba!"

Mutie alitoa ile karatasi ya Nzisa mfukoni, imelowa jasho, kwa kuwa hakuwa amekuja na kitu kingine cha kumpa. Alianza kueleza habari za jina, jinsi mwalimu Nzisa alivyolitafuta, kwamba maana yake ni mwana wa Owen, kwamba kuna watu ng'ambo ya bahari.

"Mwana wa nani?" Abdulmalik alimkata. "Hiyo jina niliitwa nayo Mkalenjin shule mzima. Siku nachukua kitambulisho nikaandika Abdulmalik Hassan. Babu ndiye alinilea. Yeye ndiye nimeandika."

Hapo ndipo Mutie alipomwona Mulei akilini, mzee yule wa ng'ambo ya korongo, amesimama kando ya meza ya karani akitikisa kichwa huku watoto wake wakiandikwa jina la mwingine. Hassan amepata alichonyimwa Mulei. "Ulifanya vizuri," alisema, na aliyasema kwa moyo wote. "Hassan ndiye baba."

Jibu hilo Abdulmalik hakulitarajia. Aliingia ndani, akatoka na glasi ya maji, akampa. "Kunywa. Ni maji ya gata yako. Tumekunywa hii tangu uende." Mutie akanywa. "Sasa sema. Unataka nikuite baba?"

"Sijakuja kuomba hiyo."

"Umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja unione," alisema Mutie. "Usiendelee kuangalia lori."

Abdulmalik aligeuza uso upande wa barabara. Alipogeuka alikuwa na simu mkononi, akataka nambari ya Nzisa. "Ukiwa mgonjwa, huyo mwalimu anipigie. Nitakuja nikuzike. Jina sitaki, umesikia? Na kanisa lenu liimbe vile linataka. Lakini mchanga wa kwanza nitautia mimi."

Hakumkaribisha kulala, na Mutie hakungoja kukaribishwa.

Alhamisi alifungua kibanda. Alifanya kazi hadi saa saba, akaweka nyundo chini, akamkuta ameketi pale pake. Kofia, vumbi, vidole viwili kwenye ukingo. "Mwanangu yuko wapi?"

Mutie hakusema niko hapa. Alivuta pumzi akamjibu kama mtu anavyojibiwa. "Aliitwa Gwilym. Alikungoja stesheni kila Jumamosi. Alikuwa mzee wa miaka themanini na moja alipokufa, na bado alikuwa anageuka. Hakuna aliyempelekea habari, kwa sababu hukumwambia mtu kwamba yupo. Hukumwambia hata Mulei."

Mzungu hakutikisa kichwa. Alimtazama Mutie, na kwa mara ya kwanza akauliza swali jingine.

"Na wako?"

"Wangu amekataa jina," alisema Mutie. "Amesema atakuja kunizika."

Bowen akainua kofia akajifunika nayo uso, akalia, yeye aliyezikwa na mpishi wake peke yake kilimani huku mwanawe yuko stesheni. Mutie alivuta ndoo ya pili, akaipindua, akaketi kando yake.